Tunaombea Umoja Kila Jumapili, Mbona Chuki ya Mlima Haiishi?

Ukiingia soko la Gakoromone hapa Meru asubuhi, hakuna mtu anakuuliza wewe ni wa wapi. Anataka tu kujua unabeba avokado ngapi. Lakini wasee wakifunga vibanda na kufungua grupu za WhatsApp, mambo yanageuka: "hao wa Magharibi", "sisi wa Mashariki". Jumapili wote wako kanisani, mikono juu, wakiombea umoja. Sasa, haya maombi yanafanya kazi kweli?

Cheki venye tulifika hapa. Tarehe 17 Oktoba 2024, Seneti ilimtoa Rigathi Gachagua kwenye kiti cha naibu rais. Akaingia Kithure Kindiki, mtoto wa Tharaka Nithi. Tangu hapo ile stori ya Mlima wa pande mbili imepata moto, na wanasiasa wa kila upande wanatafuta maiki ya kanisa.

Na kanisa lenyewe si geni kwa mambo ya mipaka. Wamishenari waligawana huu mlima kama shamba: Wamethodisti wakachukua Meru, Waanglikana Embu, Wapresbiteri wa kutoka Uskoti wakashika Kikuyu na Chogoria. Ndio maana hadi leo, ukiambiwa kanisa la mtu, mara nyingi unakisia lugha ya kwao.

Noma ya kuombea amani huku umechagua upande tuliiona baada ya kura ya 2007. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Tarehe 1 Januari 2008, wamama na watoto waliokimbilia kanisa la Kiambaa, Eldoret, walichomewa ndani. Mwezi uliofuata, Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikubali hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea upande. Maombi yalikuwepo. Kilichokosekana ni wachungaji wa kuwaambia watu wao wenyewe kwamba wamekosea.

Lakini kuna wakati yalifanya kazi, tena kati ya mzungu na Mwafrika. Mwaka wa 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Uamsho wa Afrika Mashariki ukapata moto, ukaingia Kenya miaka ya 1930. Sheria yao ilikuwa rahisi lakini chungu: unakiri kosa lako mbele ya yule uliyemkosea. Kuna wamishenari waliosimama wakakubali kwamba waliwadharau Waafrika. Enzi za mkoloni, jo! Na hali ya hatari ilipotangazwa 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa pia bunduki ya serikali. Wengine waliuawa kwa msimamo huo.

Si ati toba ni chanjo ya maisha. Rwanda, ambako huo moto uliwaka mapema, watu waliuawa ndani ya makanisa 1994. Toba ya babu haikubebi wewe.

Kura ya 2027 inakuja, na mikutano ya maombi itajaa. Kwa Mathayo 5, Yesu anasema sadaka ingoje kwanza, uende upatane na ndugu yako. Kwa hivyo kabla uinue mikono, jiulize ni nani ulimtusi kwa sababu ya kwao. Labda kibanda chake kiko hatua kumi tu kutoka chako, pale Gakoromone. Anzia hapo.