Kuuziba Mlango wa Umma kwa Jina la Dini



Alhamisi ya tarehe 27 Julai 2023, wananchi wa Kenya waliouendea mtandao wa eCitizen, unaobeba maelfu ya huduma za serikali yao, waliukuta haufunguki. Wasafiri wa treni walishindwa kukata tiketi mtandaoni, na serikali ikalazimika kuahidi viza uwanjani kwa wageni. Waziri mhusika, Bwana Eliud Owalo, alikiri kuwa shambulio limetokea, akasema hakuna taarifa iliyopotea.

Aghalabu ndivyo ulivyo uadui wa namna hii, mshambuliaji haibi. Huipelekea seva maombi ya uongo, mengi mno kwa wakati mmoja, hata mwenye haja ya kweli akakosa nafasi. Ni mfano wa watu elfu wasio na maradhi kujazana mlangoni pa zahanati, na mama mwenye mtoto mgonjwa akabaki nje.

Kundi lililojigamba kwa shambulio hilo lilijiita Anonymous Sudan, na lilikuwa likijitangaza kuwa linautetea Uislamu. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashitaki ndugu wawili Wasudani. Miongoni mwa madai yao ni kwamba shambulio la Februari 2024 dhidi ya hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, liliwafanya wagonjwa wa dharura wapelekwe kwingine kwa takriban saa nane. Hukumu ya watu hao ni ya mahakama. Ama kitendo chenyewe, sisi hatukioni kuwa jihadi hata kidogo. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, vipi basi tuiite ibada kazi ya kuiziba njia ya watu? Kundi lilidai kuwa Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Tuseme ni kweli: msafiri aliyekosa tiketi ameingilia nini?

Wataalamu wana kinga zao: kutawanya huduma kwenye seva nyingi, kuchuja maombi kabla hayajafika, na kuweka kikomo kwa kila anuani. Taasisi zetu nazo, zinazokimbilia kuhamishia kila kitu mtandaoni, hapana budi zibakize dirisha moja la karatasi na kalamu.

Na nyumba zetu zimo. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai iliziteka kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yapatayo sitini. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na mitandao mikubwa ikiwemo Twitter ikawa haifikiki. Wenye kamera hizo walikuwa wamelala, hawana habari. Basi aliyefunga kamera getini, au aliyeletewa ruta na fundi, asiliache lile neno la siri lililoandikwa kwenye boksi. Alibadilishe leo baada ya Sala ya Ijumaa, na wanawe wakiwepo, kwani huenda wao ndio watakaomwonyesha pa kubonyeza.