Cheti cha kreni kipo, mkanda je?

Kreni zimejaa Nairobi, kuanzia Upper Hill hadi Kilimani. Kila moja inatakiwa kuwa na cheti cha ukaguzi. Swali ni je, cheti hicho kinatosha?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kreni ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 12. Minyororo, kamba na vifaa vya kufungia mzigo ni kila miezi 6. Uingereza, chini ya kanuni zake za 1998, inafuata vipindi kama hivyo.

Sababu iko wazi. Kamba na mikanda huburutwa chini, hukwaruzwa na kona za chuma na kupigwa na jua. Huchakaa haraka kuliko mashine yenyewe.

Shida iko kwenye ile miezi ya katikati.

Machi 15, 2008, kreni iliporomoka Manhattan, New York, ikaua watu 7. Mafundi walikuwa wakiirefusha. Mikanda ya polista iliyoshikilia kola ya chuma ya takriban tani 5 ilikatika. Uchunguzi ulibaini mkanda mmoja ulikuwa umeharibika hata kabla ya kutumika.

Siku chache baadaye mkaguzi wa jiji alikamatwa, akidaiwa kuandika kwamba aliikagua kreni hiyo Machi 4 ilhali hakufika. Wengi wakaona mchawi kapatikana. Lakini maafisa wa jiji walisema hata angefika, huenda ajali isingezuilika: vifaa vilivyokatika visingehusika katika ukaguzi huo.

Kwa maneno mengine, anayepaswa kuuona mkanda mbovu ni yule anayeufunga asubuhi hiyo. Dalili hazihitaji digrii: nyuzi zilizokatika, mishono iliyofumuka, lebo ya uzito isiyosomeka.

Sheria ya Kenya inamtaka mfanyakazi aripoti hatari mara moja, na inamzuia mwajiri kumrudisha kazini kabla hatari haijaondolewa. Hiyo ni kwenye karatasi. Kibarua wa mjengo anayelipwa kwa siku anajua akisimamisha kazi leo, kesho huenda asiitwe.

Ndiyo maana swali la kuuliza saiti si cheti kiko wapi tu. Ni nani hapa anaruhusiwa kuukata mkanda uliochakaa na kuutupa, na jioni bado akalipwa?