Lac Vert: Kilo za leo hazitoshi kujua kama mtoto anakua

GOMA – Siku ya kupima watoto katika mtaa wa Lac Vert, magharibi mwa mji wa Goma, mama akirudi nyumbani majirani humuuliza: mtoto ana kilo ngapi? Swali la maana zaidi ni lingine: mwezi uliopita alikuwa na ngapi?

Viwango vinavyotumiwa leo vilitolewa na Shirika la Afya Duniani (OMS) mwaka 2006, baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kwa viwango hivyo, mvulana wa kawaida ana kilo 7.9 akifika miezi 6 na kilo 9.6 akitimiza mwaka. Msichana ana 7.3, kisha 8.9. Urefu wa karibu sentimita 50 wakati wa kuzaliwa hufika 74 hadi 76.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo linalowatia wazazi wengi hofu bure. Baada ya miezi 6 mtoto huongezeka polepole, hata kama anakula vizuri. Tena kilo 9.6 si sheria kwa kila mvulana. Aliyezaliwa mdogo na anayepanda kila mwezi kwenye mstari wake anaweza kuwa salama kuliko mnene aliyekaa miezi mitatu bila kuongeza chochote. Mstari huo huonekana tu kwenye kadi iliyojazwa mwezi baada ya mwezi.

Vita ndivyo vimeukata mstari huo. Tarehe 3 Mei 2024, mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani katika mitaa ya Lac Vert na Mugunga. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliuteka mji. Mwezi uliofuata, kambi za upande huo, zikiwemo Bulengo na Lushagala, zilivunjwa na familia zikatawanyika. Uwanja wa ndege na benki vilifungwa, huku Marekani ikikata misaada yake. Mama anayekimbia hubeba mtoto na sufuria. Kadi mara nyingi hubaki. Kituo kipya kinamwandika mtoto kana kwamba amezaliwa siku hiyo.

Katika dharura, wahudumu hutumia utepe wa mkononi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na matibabu hayasubiri. Utepe huokoa maisha, lakini hauonyeshi udumavu, yaani mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake. Mizani nayo huweza kudanganya: mwenye bwaki huvimba miguu, na maji hayo huongeza kilo. Ndiyo maana mhudumu hubonyeza nyayo zote mbili kuona kama kidole kinaacha shimo.

Udumavu haupigi kelele. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013-2014 uliwakuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Hali hiyo huanza mapema, tangu mimba ya mama asiyekula vya kutosha, na baada ya miaka miwili kurudisha urefu uliopotea ni kazi ngumu.

Kwa hiyo misaada inayohesabu tu waliokonda inaona nusu ya tatizo. Vituo vinavyopokea waliohama vinaweza kuanza na ubao wa kupimia urefu, ambao hauhitaji umeme, na kumwandikia kila mtoto kadi mpya yenye tarehe ya kuzaliwa. Wazazi nao waiweke kadi pamoja na kitambulisho cha mpiga kura, karatasi ambayo hakuna anayeisahau akikimbia.