Bilauri Isiyokuwa ya Kinywaji

Mtu akikuta bilauri ya kale ya Kiingereza, fupi, yenye kitako kinene na shimo dogo la umbo la pia, aghalabu hukata shauri papo hapo: hii ni bilauri ya mvinyo. Kwangu mimi jibu hilo halistahili kuitwa la kisayansi, kwa kuwa chombo chenyewe hakijaulizwa neno.

Na tuanze na maji. Kijaze, kisha uyamimine katika silinda ya kupimia. Utashangaa jinsi yalivyo machache. Nuru hupinda itokapo katika kioo kuingia hewani, na ukuta mnene ulioviringana hufanya kazi ya lenzi, ukakuza kilichomo ndani. Wanafunzi na wakitazame kipimajoto cha maabara: uzi wake ni mwembamba kuliko uonekanavyo. Kipeo cha kupinda nuru cha kioo cha kawaida ni karibu 1.5, hivyo bomba nene la kioo ambalo upana wake wa nje hauzidi mara 1.5 ya upana wa ndani, likijazwa rangi, huonekana kwa mbali kana kwamba halina ukuta.

Ni nani basi aliyehitaji hila hiyo? Katika karne ya 18, msimamizi wa karamu huko Uingereza, aliyelazimika kunywa kila watu walipotakiana heri, alitumia bilauri ya kuta nene ili asilewe mapema. Maelezo hayo yanapendeza, na ndiyo sababu watu huyashika upesi mno! Lakini papasa kitako. Ukikuta mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, chombo hicho kinaelekea kuwa cha kukandamizwa kwa mashine, ufundi ulioenea tangu miaka ya 1820. Tazama tena shimo: ni la kina kifupi, limefunuka, na ulimi hufika chini bila taabu.

Hiki ni chombo cha aiskrimu. Wachuuzi wa mitaani mjini London walikiita kwa jina lenye maana ya "lamba kwa peni". Mtoto alilipa peni moja, akalamba mpaka kioo kikabaki kitupu, akakirudisha. Mchuuzi akakifuta au kukichovya majini, akamjazia mwingine. Robert Koch alikwisha kutangaza ugunduzi wa kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Vyombo hivyo vilipigwa marufuku London mwaka 1899, kwa hofu ya kueneza kifua kikuu na kipindupindu.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba kukiweka kabatini miongoni mwa bilauri za mvinyo ni kosa dogo la maandishi. Aliyekiandika hivyo amewafuta watoto wale wote, na maradhi yao pia.

Mwaka 1903 Italo Marchiony, Mwitalia aliyehamia Marekani, alipata hataza ya kalibu ya kuokea vikombe vya aiskrimu ambavyo mlaji huvitafuna pamoja na kilichomo.