Neno zuri halizuii kutu

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lau wangaliishi katika zama zetu hizi, yamkini wangaliongeza kuwa kisichoeleweka hujiuza kwa kasi zaidi kuliko vyote viwili. Katika miji yetu ya magharibi, ikiwamo Kitale na Bungoma, mwenye gari siku hizi huambiwa kwamba nta haitoshi tena kulinda rangi ya gari lake. Sharti lipakwe seramiki. Huahidiwa kwamba litang'aa kama kioo, halitakwaruzika, wala halitashika kutu. Muuzaji akiulizwa seramiki yenyewe ni nini, aghalabu hulirudia jina lile lile, ila kwa sauti ya juu zaidi.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa magari, na ndiyo maana neno hilo lilinivutia kabla ya gari. Kiswahili kina neno kongwe la seramiki, nalo ni kauri. Kauri kwanza ni kombe dogo la baharini lenye mgongo laini. Kisha ni udongo mzuri uliofinyangwa na kuchomwa, wa vikombe na sahani. Wala si Waswahili peke yao walioona mfanano huo. Waitaliano nao waliviita vyombo vya China kwa jina la kombe hilo hilo, porcellana, na jina likaenea Ulaya. Basi anayesikia neno seramiki hufikiria kikombe: kitu kigumu, kilichopita motoni, kisichopenywa na maji. Hapo ndipo neno linapoanza kupotosha.

Kinachopakwa garini si udongo, wala hakitiwi tanurini. Ni majimaji yenye viambato vya silikoni ambayo, yakikauka, hushikamana na lile tabaka la juu kabisa la rangi lipitishalo mwanga, na kuacha utando wa jamii ya silika, yaani madini yaliyomo katika mchanga na kioo. Unene wa utando huo kwa kawaida ni mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Faida zake ni za kweli. Maji hujikusanya kuwa matone na kuteleza, matope na kinyesi cha ndege huoshwa kwa urahisi, na jua halififishi rangi upesi. Katika mji kama Kitale, ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, hizo si faida za kubezwa. Lakini utando huo hauzuii kokoto kubandua rangi, wala hauponyi kutu iliyokwisha kuanza.

Hii sifa ya kuzuia kutu imetoka wapi basi? Imetoka nchi za baridi. Huko, theluji na barafu zinapofunika barabara, wenye mamlaka humwaga chumvi, ama ya kawaida au kloridi ya kalsiamu, kwa kuwa maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Nchini Japani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1990 ilizuia matairi yenye misumari kwa sababu yalikuwa yakichimbua lami na kuwarushia watu vumbi. Baada ya hapo matumizi ya chumvi yakaongezeka. Chumvi hiyo huokoa maisha ya wasafiri, ila hula magari yao. Chuma huhitaji maji na oksijeni ili kishike kutu. Chumvi ikiyeyuka katika maji hayo, hurahisisha mwendo wa chaji za umeme, na kutu huenda mbio. Mkazi wa Sapporo anayelipaka gari lake utando kabla ya majira ya baridi ana hoja, kwa maana chumvi haitang'ang'ania juu ya rangi. Hata hivyo, adui yake mkubwa yuko chini ya gari, mahali ambapo utando huo kwa kawaida haupakwi.

Msomaji ataniuliza: theluji ya Japani inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana, kwa kuwa magari mengi tunayoyanunua yametumika huko kwanza. Kanuni zetu huruhusu gari lenye umri usiozidi miaka minane, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hutaka likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Miaka minane ni majira manane ya baridi kwa gari lililoishi Hokkaido au Niigata. Hakuna aliyemwaga chumvi katika barabara ya Kitale kwenda Webuye, lakini chumvi yaweza kuwa ilifika ikiwa imejificha katika viungo vya chesisi. Kulipaka gari kama hilo utando na kuahidi kinga ya kutu ni sawa na kumpaka mgonjwa mafuta usoni ilhali ugonjwa uko mifupani.

Watu wa Bungoma hawahitaji kusafiri mbali ili waelewe jambo hili. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilipokuwa kikifanya kazi Webuye, kabla ya kufungwa mwaka 2009, wakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba moshi wake ulikuwa ukila mabati ya nyumba zao. Kila aliyewahi kupaka rangi bati lililokwisha kushika kutu anajua yanayofuata: rangi huvimba na kubanduka, na kutu huendelea na kazi yake chini kwa chini.

Mnunuzi wa gari hilo mara nyingi ni mwalimu aliyekopa katika chama cha ushirika, na ambaye atakatwa mshahara kwa miaka kadhaa. Akitumia akiba yake ya mwisho kununua mng'aro, hana atakachobaki nacho siku mirija ya breki itakapooza. Heri ainame kabla ya kulipa. Aangalie chesisi, viungo vilivyochomelewa, mirija ya breki na upande wa ndani wa madigadi. Aishuku rangi nyeusi nzito iliyopulizwa chini ya gari karibuni, kwani huenda inaficha jambo. Amlipe fundi wa jua kali anayemwamini amwangalizie. Kutu ndogo ikwanguliwe, isuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Pesa zikibaki, apake nta au utando apendavyo.

Najua wapo watakaosema kwamba mwenye uwezo wa kununua gari anajua Kiingereza cha kutosha kujilinda. La hasha! Walimu wetu wana shahada na stashahada, na bado huuziwa jina. Tatizo ni kwamba neno geni lisilofafanuliwa humwonea haya msomi kuliko asiyesoma, kwani msomi huogopa kuuliza. Mwanafunzi wa shule ya upili hufundishwa habari za kutu kwa Kiingereza na kupata alama zote mtihanini. Mwambie amweleze babake mambo hayo hayo kwa Kiswahili, naye hukwama. Si kwamba maneno hayapo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tunachokosa ni mazoea ya kuyatumia.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 nacho humpa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Vifungu hivyo viwili havina budi kusomwa pamoja, kwa kuwa maelezo yasiyoeleweka si maelezo. Kwa upande wangu napendekeza tuseme utando wa silika, jina linalodokeza wembamba wake na asili yake, na neno kauri tuviachie vikombe.

Walimu wenzangu wa kemia na wa Kiswahili wanaweza kulianza jambo hili kwa pamoja bila kungoja waraka wa wizara. Watie msumari mmoja katika maji matupu, wa pili katika maji ya chumvi, na wa tatu waupake rangi nusu tu kabla ya kuutia katika maji hayo ya chumvi. Baada ya juma moja, wanafunzi waandike kwa Kiswahili walichokiona, kana kwamba wanamwandikia mzazi anayetaka kununua gari. Mzazi huyo apewe insha hiyo aisome kabla hajalipa chochote.