Telnet ni barua bila bahasha: tuifunge mu Annexe



Kila tukiongea juu ya usalama wa ordinatere, kuko mukubwa moja anatujibia: «Hiyo ni mambo ya bazungu, siye tuko na shida ya maji na umeme.» Hapana! Siku lupango ya mama yako inaandikwa mu ordinatere ya ofisi, ile mambo inakuwa yako.

Tuseme wazi. Fundi iko Katuba, mashini iko huku Annexe, anataka kuiingia toka mbali. Akitumia Telnet, njia ya tangu 1969, jina lake na neno lake la siri vinapita wazi, kama barua bila bahasha yenye unapatia shofere wa taksi-bus. Kila mwenye kuishika njiani anaisoma.

Mu 1995 wezi walikamata maneno ya siri mu rezo ya chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, kule Finland. Tatu Ylönen, mutafiti wa pale, akakasirika, akaandika SSH. Yenyewe inafunga yote mbele ya kutuma, tena inahakikisha mashini unayoongea nayo ni ile ya jana. Ni ya bure. Miaka 30 imepita, na fundi moja bado anatuambia: «Telnet njo rahisi, rutere ilikuya nayo.»

Ilikuya nayo, ndiyo. Na mu 2016 benye kutengeneza Mirai walipitia hapo hapo: majina na maneno ya siri ya fabrike, kama 60 tu, wakashika kamera na rutere maelfu na maelfu. Haikuwa uchawi. Ilikuwa «admin» na «admin».

Wengine banasema: «Rezo yetu ni ya ndani.» Ndani ya wapi, kama ofisi na cyber ya jirani wanagawana Wi-Fi moja?

Hatusemi SSH ni malaika. Ile ya kwanza ilikuwa na makosa, mutumie ya pili. SSH yenye neno la siri 123456 ni mulango wa chuma wenye umeachia funguo inje. Na ile ya Windows, RDP, inafunga maneno pia, lakini mu mwezi wa 5 wa 2019 Microsoft ilitangaza tundu la BlueKeep: mutu aliweza kuingia bila neno la siri hata moja. Ofisi zenye zingali na Windows 7, mutusikie.

Inchi iko na Kodi ya Numerike tangu tarehe 13/03/2023, na inalinda habari za batu. Basi kila ofisi yenye kuchunga majina yetu ifunge Telnet, iache mafundi waingie na SSH kwa funguo, si kwa neno la siri lenye ofisi nzima inajua.

Na siye pia tuanze kwetu. Wenye cyber, siku ya posho muje na rutere zenu, tutazibadilisha pamoja. Falanga hatuombi.