Mshauri Naye Ahojiwe
Neno "shauri", tulilolipata kwa Waarabu, lina maana zaidi ya moja: ni nasaha, tena ni kesi. Washauri wa vyama vyetu huipenda ile ya kwanza tu. Dkt. David Ndii aliupangia mikakati muungano wa NASA wa Raila Odinga mwaka 2017. Mwaka 2022 Rais William Ruto akamteua mwenyekiti wa Baraza la Washauri wa Kiuchumi. Kuhama kambi si dhambi (wanasiasa wetu huhama kila msimu). Linalonikera ni kwamba Katiba ya 2010 humtaka waziri apigwe msasa na Bunge, ilhali mshauri huingia Ikulu bila kuulizwa lolote. Sera ikiparaganyika, mwananchi huambiwa: shauri yako! Nionavyo mimi, mshauri naye aitwe Bungeni, ajibu hadharani.